Kushusha Google Photos yote kwa mashine pepe kabla viungo havijafa

Tatizo la kushusha GB 200 za picha kutoka Google ni muda. Viungo vya Takeout (huduma ya Google ya kukupa nakala ya data yako) hufa baada ya siku 7, na kila faili huruhusiwi kuishusha zaidi ya mara 5. Kwa laini ya Mbps 4, GB 200 ni siku nne na nusu bila kukatika hata dakika, na itakatika. Kwa hiyo kodi mashine pepe (kompyuta iliyo kwenye kituo cha data, unayoitumia kupitia mtandao) iwe ghala la njiani: yenyewe inavuta kutoka Google kwa kasi ya kituo cha data, nawe unavuta kutoka kwake taratibu.

Rclone, programu ya kunakili faili kutoka hifadhi za mtandaoni, haifai tena hapa. Tangu 31 Machi 2025, kwenye Google Photos inaona tu picha ilizopandisha yenyewe.

1. Agiza Takeout. Nenda takeout.google.com, ondoa tiki zote, kisha rudisha ya Google Photos peke yake. Chagua zip za GB 10. Wengi hupenda GB 50 ili faili ziwe chache, lakini ikikatika kwenye GB 48 umeunguza nafasi moja kati ya tano. Maandalizi huchukua saa kadhaa, hata siku. Usikodi mashine kabla barua pepe ya Google yenye viungo haijafika.

2. Kodi mashine. Debian 12, RAM GB 4, diski GB 450 kwa picha za GB 200, maana zip na vilivyofunguliwa vitakaa pamoja. Soma kwanza bei ya data *inayotoka*: AWS, Azure na Google Cloud hutoza kila GB ukishavuka kiwango cha bure. VPS (mashine pepe za kukodi) nyingi za kawaida hujumuisha TB kadhaa kwenye bei ya mwezi, chukua hizo. Ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye mashine):

`adduser picha`
`apt update && apt install xfce4 xrdp firefox-esr unzip rsync libimage-exiftool-perl`

Funga mlango 3389 (wa Remote Desktop) kwenye ngome (firewall) ya mtoa huduma, upite ndani ya SSH, njia salama ya kuingia mashine ya mbali. Kwenye kompyuta yako, ukiweka anwani ya mashine badala ya IP:

`ssh -L 3390:localhost:3389 root@IP`

Halafu elekeza Remote Desktop kwenye `localhost:3390`, uingie kama mtumiaji `picha`.

3. Shusha. Ingia Google kwa Firefox. Itashtuka kuona nchi ngeni, hivyo kaa na simu karibu uthibitishe. Anzisha faili tatu tatu. Ukitaka kuondoka, funga dirisha la Remote Desktop tu, kazi itaendelea. Ukibonyeza Log Out, Firefox inakufa na vyote vilivyokuwa njiani.

4. Kagua, ndipo ufungue. Amri hizi ziandike kwenye terminal ya mashine, ukiwa `picha`.

`cd ~/Downloads`
`for f in takeout-*.zip; do unzip -tq "$f" || echo "$f" >> mbovu.txt; done`

Zilizoandikwa kwenye mbovu.txt zishushe upya. Kisha:

`for f in takeout-*.zip; do unzip -qn "$f" -d ~/zote; done`

Zote ziende folda moja. Picha inaweza kuwa kwenye zip ya tatu, JSON yake (faili ndogo ya maelezo ya picha, ikiwemo tarehe) ikawa kwenye ya nne.

5. Rudisha tarehe. Picha za WhatsApp kwa kawaida hazibebi EXIF (maelezo ya tarehe na kamera yaliyo ndani ya picha), kwa hiyo tarehe ichukuliwe kwenye JSON:

`exiftool -r -d %s -tagsfromfile "%d/%F.supplemental-metadata.json" "-FileModifyDate<PhotoTakenTimeTimestamp" -ext "*" --ext json ~/zote`

Kwa Takeout za zamani, jina huishia `.json` tu. Majina marefu hukatwa, kwa hiyo exiftool italalamikia baadhi na kuendelea. Hizo ni za kurekebisha kwa mkono.

6. Vuta nyumbani. Kwenye kompyuta yako (Windows, tumia WSL, yaani Linux ndani ya Windows):

`rsync -avP --bwlimit=400 root@IP:/home/picha/zote/ /media/diski/picha/`

400 hapo ni kilobaiti kwa sekunde, si kilobiti, usiku iondoe. Ikikatika, rudia amri ile ile. Diski ya nje iwe exFAT, kwani FAT32 hukataa video inayofikia GB 4. Mwisho endesha `rsync -avnc` kwa njia zile zile: isipotaja faili yoyote, nakala zinalingana.

Toa Firefox ya huko kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako, kisha *futa* mashine. Ukiizima tu, kwa watoa huduma wengi diski inaendelea kulipiwa.