Kabla ya Kujisajili: Maandalizi ya Mtu Mzima Anayejifunza Kiingereza Mtandaoni

Kabla ya kugusa simu, chukua karatasi. Andika kwa Kiswahili sentensi moja ambayo unataka uweze kuisema kwa Kiingereza miezi sita ijayo, kisha uandike utamwambia nani. "Nataka kujua Kiingereza" haitoshi, maana haina mtu wa kuambiwa. "Nataka kumweleza meneja kwa nini mzigo umechelewa" inatosha. "Nataka nijieleze kwenye usaili bila kumeza maneno" inatosha pia. Nimefundisha watu wazima, na wengi niliowaona wakiachia njiani hawakushindwa na sarufi. Walianza na kozi ndipo wakatafuta sababu ya kuwa nayo, na jioni ya kwanza waliporudi kutoka kazini wamechoka, sababu haikupatikana. Sentensi yako ndiyo itakayokuchagulia mwalimu, mazoezi, hata makosa ya kuvumilia kwa sasa. Muuguzi anayesoma ripoti za wagonjwa na dereva anayezungumza na abiria wageni hawafai kupewa somo moja, hata kama kiwango chao kinalingana.

Kiwango nacho kipimwe mapema. Kozi nyingi hufuata ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, yaani A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Wa A1 anajitambulisha na kuuliza maswali mepesi. Wa B1 anajieleza kuhusu kazi, familia na mambo anayoyafahamu. Wa B2 anazungumza na mzawa wa lugha bila yeyote kati yao kutaabika. Majaribio ya bure ya kupima ngazi yako yamejaa mtandaoni. Fanya mawili kutoka sehemu tofauti, na usifungue kamusi, kwa sababu kamusi itakuingiza darasa lisilo lako. Ila ujue kwamba mengi ya majaribio hayo hupima macho kuliko ulimi: unasoma, unachagua jibu, unapewa alama. Mtu aliyesoma Kiingereza shuleni miaka mingi iliyopita anaweza kupata B1 kwenye skrini na bado akashindwa kuomba ruhusa kwa mdomo. Kwa hiyo jirekodi kwa dakika 2 ukieleza kazi unayoifanya, bila kuandika kwanza. Usiifute rekodi hiyo hata kama inakuumiza kuisikiliza. Utaihitaji baada ya miezi mitatu, siku utakapodhani hujasogea.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi. Makadirio ya Cambridge, chuo kikuu cha Uingereza chenye mitihani yake ya Kiingereza, kwa masomo yenye mwongozo, ukihesabu tangu mwanzo kabisa, ni saa 180 hadi 200 kufika A2, saa 350 hadi 400 kufika B1, na saa 500 hadi 600 kufika B2. Kutoka A2 kwenda B1, basi, weka takriban saa 200. Anayesoma nusu saa kila siku bila kuruka hata siku moja hukusanya kama saa 182 kwa mwaka. Ngazi moja kwa mwaka ni mwendo wa kujivunia kwa mtu mwenye kazi na familia. Tangazo linaloahidi ngazi nzima kwa siku 30 linakudai karibu saa 7 kila siku, na hilo halisemi. Matangazo ya namna hiyo yananiudhi kweli, kwa sababu aliyeshindwa halaumu ahadi. Anajilaumu mwenyewe, anasema kichwa chake kimezeeka, na harudi tena.

Nusu saa hiyo itoke wapi? "Nikipata nafasi" si jibu. Mali bila daftari huisha bila habari, na muda ni vivyo hivyo. Andika itakuwa baada ya nini, kabla ya nini, na ni kitu gani kitaondoka ili ipatikane. Iwe ya kila siku ikiwezekana. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1885 baada ya kujijaribu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa zaidi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Nusu saa siku saba ni bora kuliko saa tatu na nusu za Jumapili. Kisha waambie wa nyumbani, kwa uwazi, kwamba muda huo mlango utafungwa. Wasipojua, kila mmoja ataona upo tu na simu, na atakutuma.

Vifaa visikupotezee usingizi. Simu inatosha kwa kusikiliza na kwa msamiati. Ukihitaji kuandika barua na ripoti, tafuta kompyuta hata ya kuazima. Hedifoni zenye maikrofoni ni za lazima, kwa sababu Kiingereza cha kusikiliza kupitia spika ya simu kwenye kelele hupoteza sauti zile zile unazozitafuta. Pakua masomo ya sauti mapema, maana hula data kidogo kuliko video na hayakatiki mtandao ukiyumba. Ongeza daftari moja la karatasi.

Kuhusu pesa, anza na vya bure. BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, na leo masomo yake yapo mtandaoni bila malipo. British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, nao wana ya kwao. Ukivitumia kwa wiki nne mfululizo na bado unataka mwalimu, lipia mwezi mmoja tu, na kabla ya kulipa tafuta mahali pa kusitisha malipo yanayojirudia yenyewe. Kama shida yako ni cheti, iulize kwanza taasisi itakayokipokea inakubali kipi. Cheti cha kumaliza kozi si sawa na matokeo ya mitihani ya kimataifa ya Kiingereza kama IELTS au TOEFL, na matokeo ya mitihani hiyo miwili hutambuliwa kwa miaka 2 tu, hivyo ukikimbilia kufanya mtihani mapema unaweza kulipa mara mbili.

Sikio nalo liandaliwe, na hili husahaulika. Kiswahili kina irabu tano, na tunavyoandika ndivyo tunavyotamka. Kiingereza cha Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na sauti 20 za irabu, na herufi hazikuambii ipi ni ipi: "though", "through", "tough" na "cough" zinamalizia kwa herufi zile zile nne na kila moja ina sauti yake. Wengi wetu tunatamka "ship" na "sheep" kama neno moja kwa sababu tunayasikia kama neno moja. Wiki ya kwanza, kabla hata ya sarufi, sikiliza jozi kama hizo kwenye kamusi yenye sauti mpaka utofauti uusikie, ulimi utafuata. Na jisamehe mapema kwa mambo mawili: kuchanganya "he" na "she", kwa kuwa "yeye" yetu haibagui, na kusahau "a" na "the", ambazo sisi hatuna. Makosa hayo hudumu hata kwa watu waliobobea.

Kuna jambo zito kuliko yote haya. Wewe ni mtu mzima unayeheshimika, unaongoza watu au unalea watoto, na ghafla unazungumza kama mtoto wa miaka mitatu mbele ya kamera. Hiyo aibu ina uzito, na asiyejiandaa nayo huzima kamera, kisha hunyamaza, kisha hapatikani tena. Amua kabla: unaanza na mwalimu peke yako au kwenye kundi? Kama aibu ni kubwa, anza peke yako. Mwambie mwalimu tangu ujumbe wa kwanza namna unavyotaka kusahihishwa, papo hapo au mwishoni mwa somo. Wengi huwa hawajui kwamba wanaruhusiwa kuchagua. Halafu kariri sentensi chache za kujiokoa: "Could you say that again, please?", "What does that mean?", "Give me a moment." Zitamke kwa sauti, ukiwa umesimama, mara nyingi kiasi kwamba hutazitafuta tena. Siku ya kwanza mwalimu akienda mbio, moja kati ya hizo itatoka yenyewe, naye atapunguza mwendo.