Pauni 29,000 za viza ya mwenza Uingereza: zinavyohesabiwa na zinapokwama

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mtu aliye Uingereza anayetaka kumleta mume, mke au mchumba wake anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kukatwa kodi. Kuanzia 2012 hadi siku hiyo kiwango kilikuwa pauni 18,600. Kulikuwa na mpango wa kukifikisha 38,700, ukasimamishwa baada ya uchaguzi wa Julai 2024.

Namba hiyo inajulikana. Kisichojulikana sana ni kwamba Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza inayoamua maombi ya viza, haipimi uwezo wako, inapima karatasi zako. Mwenye mshahara wa 35,000 anaweza kunyimwa na mwenye 29,050 akapita. Kiasi kimeandikwa kwenye kanuni iitwayo Appendix FM. Karatasi zinazokubalika, tarehe zake na namna ya kupiga hesabu ziko kwenye Appendix FM-SE, na hiyo ya pili ndiyo wengi hawaifungui.

Jambo moja liondoke njiani mapema: mshahara wa mwenza aliye Mombasa, Mwanza au Kampala hauhesabiwi, hata kama anapata kuliko wewe. Mshahara wake utahesabiwa akishakuwa Uingereza na ruhusa ya kufanya kazi. Akiba yake, kwa upande mwingine, inahesabiwa tangu mwanzo.

Nani hapimwi kwa 29,000

Mdhamini, yaani yule anayemleta mwenza, akiwa anapokea posho ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, kama vile PIP, DLA, Attendance Allowance au Carer's Allowance, ana kipimo chake chepesi zaidi. Huangaliwa kama kinachobaki kila wiki baada ya kodi na gharama za nyumba hakipungui kile ambacho familia ya ukubwa huo ingepata kwa Income Support, posho ya serikali ya wenye kipato kidogo. Universal Credit, posho nyingine ya wenye kipato kidogo, haimo katika orodha hiyo, na wala haiongezwi kwenye kipato ili kufikia 29,000.

Aliyeingia kwenye njia hii kwa ombi la kabla ya 11 Aprili 2024 anaendelea na 18,600 anapohuisha viza, mradi mwenza ni yuleyule. Kwake yeye bado kuna nyongeza ya watoto: 3,800 kwa mtoto wa kwanza na 2,400 kwa kila anayefuata. Kwenye 29,000 hakuna nyongeza ya watoto. Mwenye watoto wanne anaonyesha kiasi kilekile anachoonyesha asiye na mtoto, ingawa kila mtoto asiye raia atalipiwa ada yake.

Wakimbizi walikuwa na njia yao ya kuunganisha familia isiyouliza mshahara. Njia hiyo ilisitishwa kwa maombi mapya tarehe 4 Septemba 2025, na hili liliwagusa moja kwa moja Wakongo na Warundi waliopata hifadhi. Aliye katika hali hiyo aanze kwa mwanasheria wa uhamiaji, asianze kwa fomu.

Mshahara wa kuajiriwa

Vyanzo vya fedha vimegawanywa katika makundi A hadi G, na waajiriwa wengi huangukia A au B.

Kundi A ni la aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi. Mwenye mshahara maalumu wa mwezi hupimwa kwa mwezi wake wa chini kabisa ndani ya miezi hiyo 6, ukizidishwa mara 12. Hapa ndipo watu hujikwaa. Tuseme ulikuwa ukilipwa 2,300 kwa mwezi, mwezi Machi ukapandishwa hadi 2,500. Mkataba wako sasa unasema 30,000 kwa mwaka. Ukiomba Juni, afisa atachukua zile 2,300, atazidisha kwa 12 na kupata 27,600. Umenyimwa. Ukisubiri hadi uwe na hati sita za mshahara mpya, za Machi hadi Agosti, unapita bila kuongeza hata senti.

Anayelipwa kwa saa hupimwa kwa wastani: jumla ya miezi 6 kabla ya kodi, gawanya kwa 6, zidisha kwa 12. Kwa maneno mengine, jumla ya miezi 6 iwe pauni 14,500 au zaidi. Hii inawafaa ndugu zetu walio kwenye kazi za kuhudumia wazee kwa mikataba isiyo na saa maalumu, kwa sababu wiki mbovu moja hufidiwa na nyingine yenye zamu nyingi. Lakini wapige hesabu kwa makini. Kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa, kilichowekwa kwa mwaka wa Aprili 2025 hadi Machi 2026, saa 40 kwa wiki mwaka mzima ni kama pauni 25,400 tu. Kufikia 29,000 kwa kima hicho kunahitaji karibu saa 46 kila wiki, bila wiki ya kukosa malipo. Na pesa ya mafuta wanayorudishiwa wanaozunguka nyumba hadi nyumba si kipato. Iondoe kabla ya kujumlisha.

Kundi B ni la aliyebadilisha kazi karibuni, au aliye na mwajiri yuleyule lakini mshahara wake mpya haujatimiza miezi 6. Lina mitihani miwili na lazima ushinde yote: mshahara wa sasa uwe 29,000 kwa mwaka, na pia ulichopokea kweli katika miezi 12 iliyopita, kwa waajiri wote, kifike 29,000. Aliyekaa miezi mitatu bila kazi kati ya ajira mbili mara nyingi huanguka kwenye mtihani wa pili. Ndiyo maana tunashauri usihame kazi katika nusu mwaka inayotangulia ombi, hata kama kazi mpya inalipa zaidi, isipokuwa umeshapiga hesabu ya kundi B na ikakubali.

Kazi mbili zinaruhusiwa. Ila ili zote zihesabiwe kwenye kundi A, kila moja iwe imetimiza miezi 6.

Aliye kwenye likizo ya uzazi au ya ugonjwa hahitaji kusubiri arudi kazini. Kanuni inaruhusu kutumia miezi 6 ya kabla ya likizo kuanza.

Karatasi za kundi A ni hati za mshahara za miezi 6 (anayelipwa kwa wiki ana hati 26, si 6), taarifa za benki za miezi hiyohiyo, na barua ya mwajiri. Barua iseme mambo manne: kwamba umeajiriwa na mshahara wako wa mwaka ni kiasi gani, umekuwa hapo muda gani, mshahara huo umelipwa tangu lini, na ajira ni ya namna gani, yaani ya kudumu, ya muda maalumu au kupitia wakala. Maofisi mengi hutoa barua ya mistari miwili inayosema tu kwamba fulani ni mfanyakazi wetu mwema. Haitoshi. Mwandikie mtu wa rasilimali watu mambo hayo manne, umpe rasimu ikibidi.

Kisha kaa chini na kalamu. Kila hati ya mshahara ioanishwe na muamala wake kwenye taarifa ya benki, hadi senti. Kiasi kilichoandikwa mwishoni mwa hati ndicho kionekane kimeingia. Kama sehemu ya mshahara inaingia kwenye akaunti ya kaka yako kwa sababu ya deni, sehemu hiyo ni kama haipo: akaunti iwe ya jina lako, au la wewe na mwenza wako kwa pamoja. Anayelipwa taslimu aiweke benki yote kila anapolipwa. Asipofanya hivyo atahesabiwa kile tu kilichoonekana benki, na si kiasi cha kabla ya kodi.

Karatasi ya mwisho katika kila mfululizo iwe ya ndani ya siku 28 kabla ya siku ya kuomba, na siku ya kuomba ni siku unayotuma fomu ya mtandaoni na kulipa. Weka karatasi za mwezi mmoja wa ziada juu ya ile sita, kwa sababu wengi hujaza fomu, wakasubiri mshahara ili walipe ada, na tarehe zikawapita. Picha ya skrini ya programu ya benki isiyo na jina wala namba ya akaunti ni takataka. Omba taarifa rasmi, na kama ni za kielektroniki benki igonge mhuri kila ukurasa au itoe barua ya kuzithibitisha.

Akiba, kiwanja na michango

Usipofikisha mshahara unaweza kujaza pengo kwa akiba, lakini bei yake ni kali. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa, na zinazozidi hapo hugawanywa kwa 2.5. Kanuni yake ni hii: pengo lako mara 2.5, jumlisha 16,000. Mwenye mshahara wa 26,000 ana pengo la 3,000, hivyo anahitaji akiba ya 23,500. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500.

Fedha hizo ziwe zimekaa miezi 6 mfululizo chini ya mamlaka yenu, na kinachohesabiwa ni salio la chini kabisa la kipindi hicho. Ukitoa pauni 4,000 za msiba mwezi wa nne na kuzirudisha wiki ijayo, salio lako ni lile la wiki ya msiba. Zikiwa kwa shilingi, hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kuomba cha OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha juu ya kiasi kinachotakiwa.

Sasa suala la kuchangiana. Kwetu mtu akikwama, ndugu hukaa kikao, chama hutoa, na fedha inapatikana. Home Office haitambui ahadi ya shemeji kwamba atawatunza, isipokuwa katika mazingira ya kipekee sana, kwa mfano pale ambapo kukataa kungeleta madhara makubwa kwa mtoto. Zawadi inakubalika ikiwa ni yenu kweli na imekaa miezi 6. Mkopo haukubaliki hata ukikaa mwaka. Kuazima pauni 20,000 kwa rafiki, ukaandika kuwa ni zawadi, kisha ukarudisha, ni udanganyifu, na udanganyifu ni sababu ya kunyimwa inayojitegemea na itakayowafuata kwenye maombi mengine.

Kiwanja hakihesabiwi kikiwa kiwanja. Kikiuzwa, fedha zake zinaweza kuhesabiwa hata kabla ya kutimiza miezi 6 benki, mradi mali yenyewe ilikuwa ya mmoja wenu tangu mwanzo wa miezi hiyo. Hapo hati miliki, mkataba wa mauzo na muamala wa fedha kuingia benki vyote vinatakiwa, kwa majina yanayofanana. Kiwanja kilicho bado kwa jina la marehemu baba hakiwezi kukubeba. Hisa nazo lazima ziuzwe kwanza.

Wanaojiajiri

Dereva wa teksi, msusi, mpishi wa sherehe: kundi lenu ni F, linalotazama mwaka mzima wa kodi uliopita, yaani 6 Aprili hadi 5 Aprili. Kundi G huchukua wastani wa miaka miwili. Kinachohesabiwa ni faida kabla ya kodi, baada ya kutoa gharama. Yule aliyejaza gharama nyingi ili alipe kodi ndogo atajikuta na faida ya 17,000 ilhali gari lake liliingiza 45,000, na hawezi kuomba ahesabiwe kwa zile 45,000. Hawezi pia kujaza pengo kwa akiba, kwani F na G hazichanganywi nayo. Anayepanga kumleta mwenza aanze kufikiria hesabu zake za kodi mwaka mmoja au miwili mapema.

Mwenye kampuni yake, au ya mkewe au ya ndugu zake, naye hupimwa hapa. Kujilipa mshahara na kujiandikia hati hakumpeleki kundi A.

Mdhamini aliye nje ya Uingereza

Raia wa Uingereza anayefanya kazi Dubai au Nairobi na anataka kurudi na mwenza wake anaweza kutumia mshahara wake wa huko, lakini hautoshi peke yake. Lazima awe pia na kazi iliyothibitishwa Uingereza, itakayoanza ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, yenye mshahara unaofika kiwango. Asiyepata kazi kwa mbali hubakia na akiba, au yeye hurudi kwanza.

Fedha zinazotoka mfukoni

Tofauti na kipato, kuna gharama. Ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilifikishwa pauni 1,938 Aprili 2025. Ada hizi huwa zinabadilika mwezi huo, zitazame kabla. Ada ya afya ni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 hutozwa miaka mitatu: 3,105. Kwa mtoto ni 776 kwa mwaka. Aliyechagua viza ya mchumba halipi ada ya afya mwanzoni, lakini baada ya ndoa ataomba tena na kulipa tena, kwa hiyo mara nyingi ndoa ya nyumbani kwanza ni nafuu.

Ongeza kipimo cha kifua kikuu, ambacho cheti chake hudumu miezi 6, na mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1. Mkenya au Mtanzania mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuuepuka mtihani huo kwa kuomba uthibitisho wa Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha shahada za nje na za huko.

Ukinyimwa

Soma barua ya kunyimwa hadi mwisho kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa. Afisa anaweza kukuomba karatasi iliyokosekana, lakini hana wajibu wa kufanya hivyo. Ada ya afya inarudishwa, ada ya ombi hairudi. Rufaa kutoka nje hufunguliwa ndani ya siku 28. Kosa likiwa ni la karatasi tu, kwa mfano barua ya mwajiri iliyokosa mshahara, ombi jipya lililopangwa vizuri kwa kawaida huisha haraka kuliko rufaa. Rufaa hufaa pale afisa alipokosea hesabu au alipopuuza ushahidi uliokuwamo.

Na hati zote zitunze. Baada ya miezi 33 mtaonyesha kipato tena, safari hii cha wote wawili kikijumlishwa, na atakayekuwa amefika na kuanza kazi ndiye mara nyingi anayeiondoa hofu ya zile 29,000.