Kutambua Asili ya Jiwe la Shaba Kabla ya Kuliosha

Mtu akipata jiwe la shaba hapa Mbeya, kwanza hukimbilia ndoo ya maji, ilhali udongo na mwamba ulioshikamana nalo ndio ushahidi wa mahali lilikotoka. Kwa sababu hiyo somo hili linaanza na utambuzi, maji yatasubiri.

Hatua ya kwanza. Lipige picha pande zote, kisha uandike tarehe na mahali ulipolipata. Maelezo ya muuzaji yaandike pia, lakini yabaki kuwa maelezo ya muuzaji. Kwaruza sehemu iliyojificha kwenye mgongo mkavu wa kigae: malakaiti, yaani madini ya shaba ya kijani, huacha unga wa kijani kilichopauka, azuraiti, ile ya bluu, unga wa bluu hafifu, na kalkopairaiti, madini ya shaba ya manjano ambayo imewahi kuwadanganya wengi kwa kung'aa kama dhahabu, huacha unga mweusi wenye ukijani. Jiwe la bandia la plastiki hujulikana mkononi, kwani ni jepesi na halina ubaridi wa jiwe.

Hatua ya pili. Chunguza mwamba kwa kioo cha kukuzia. Mishipa ya kwatzi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe) ya Lupa, wilayani Chunya, hubeba dhahabu pamoja na pairaiti, madini ya chuma yanayong'aa manjano, na kalkopairaiti, hivyo kwatzi nyeupe yenye madoa ya manjano na utando mwembamba wa kijani huenda ni ya huku kwetu. Malakaiti nene, yenye mafundo ya mviringo na mistari ya kijani kilichokolea na kilichofifia, ni sifa inayojulikana sana ya ukanda wa shaba wa Katanga, kusini mwa Kongo, hasa Kolwezi. Nayo ikiletwa kupitia mpaka wa Tunduma haigeuki kuwa ya Mbeya. Ukanda huo wa shaba umevuka mpaka wa Kongo na Zambia, na kwa macho peke yake si rahisi kutenganisha pande hizo mbili. Mimi huandika «Ukanda wa Shaba» na kuishia hapo.

Hatua ya tatu. Vunja kipande kidogo cha mwamba ukihifadhi kando, vaa glavu na barakoa, kisha loanisha jiwe, maana vumbi la madini ya shaba ni sumu likivutwa. Tumia mswaki laini, njiti ya meno na maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayoongezwa kwenye betri. Ukiyanunua kwenye duka la vipuri, sema wazi kwamba hutaki asidi, kwa kuwa «maji ya betri» yanaweza kueleweka kwa namna mbili: maji haya au asidi yenyewe. Likaushe kivulini, mbali na jiko, kwa sababu moto mkali huigeuza malakaiti kuwa nyeusi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu husafisha sufuria ya shaba kwa ndimu na chumvi ikang'aa. Kwa nini nisifanye hivyo kwa jiwe?*

Marahaba. Sufuria ni shaba tupu, na ndimu huondoa kutu ya juu tu. Malakaiti na azuraiti ni kabonati, aina ya madini yanayoyeyuka kwenye asidi, kwa hiyo asidi ya ndimu au siki hulila jiwe lenyewe likitoa viputo. Niliwahi kutumbukiza azuraiti yangu katika maji ya limau kwa saa chache. Fuwele zilitoka zimefifia, na mng'ao wake haukurudi tena. Amonia nayo huyeyusha madini haya, iache.

*Langu ni la bluu ya kijani, laini, na halitoi viputo hata kwa tone la siki. Je, ni azuraiti?*

Yaelekea ni krisokola, madini mengine ya shaba ambayo si kabonati, ingawa siki ni dhaifu na jibu lake si la mwisho. Usiiloweke, kwa maana baadhi ya vipande hunywa maji na kupasuka vinapokauka. Brashi kavu inatosha. Wapo wanaoijaribu kwa ulimi, wakiona kama unanata. Wewe usifanye hivyo.

*Nimeshaliosha, udongo wote umekwisha. Nitaandika nini kwenye kibandiko?*

Andika ulikolinunua, na mbele ya neno «asili» weka alama ya kuuliza.