Mume kaajiriwa kwa washindani? Usiandike barua ya kuacha kazi

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Meneja rasilimali watu alifunga mlango, akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Dada, hapa hakuna ugomvi. Andika tu unaacha kazi kwa sababu za kifamilia, tukulipe mwezi mmoja, tuachane vizuri." Hizo sababu za kifamilia ni mume wangu. Wiki tatu nyuma alikuwa ameanza kazi ya mauzo kwenye kampuni nyingine ya maji ya chupa. Mimi nilikuwa msimamizi wa depo Tabata, nimetimiza miaka sita, na simu yangu imejaa bei za jumla za wateja wa Segerea mpaka Gongo la Mboto.

Nikaomba maji ya kunywa. Ya kampuni yetu, bila shaka. Nilipomaliza chupa, akili ilikuwa imerudi: "Naomba niandikiwe nilichokosea."

Basi ukiwekwa kwenye kiti kile, usiandike. Ukiacha kazi mwenyewe, kiinua mgongo kinakwenda, na fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo hulipati. Mimi mshahara ulikuwa 650,000, sawa na 25,000 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka yangu sita ni 1,050,000. Hiyo ndiyo hela niliyotakiwa kuiacha mezani kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kama hujaitwa bado, wahi kusema. Hapa mimi niliteleza: mkataba wangu ulikuwa na kifungu cha mgongano wa maslahi, nikanyamaza, ofisi ikapata habari kwa dereva. Andika mistari minne tu: mwenzi wako kaajiriwa wapi, tangu lini, kazi gani, na wewe unapendekeza nini, kwa mfano uhamishiwe stoo, mbali na bei. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua ya kujieleza ikija, jibu kilichoulizwa, usimwage moyo. Kikao cha nidhamu kwa kawaida usipewe chini ya saa 48 za kujiandaa, na una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Rafiki yangu wa karibu alijitolea, lakini yeye hulia haraka. Nikamchukua mama wa stoo, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachosemwa. Mimi niliuliza maswali mawili, nikayarudia: bei gani imevuja? Mteja gani amehama? Kumthibitishia mtu kosa ni kazi ya mwajiri. Ushahidi waliokuwa nao ni picha ya mume wangu kwenye status, kavaa fulana mpya ya kazini, anacheka. (Alitaka aje asimame getini siku hiyo. Nikamwambia abaki kazini kwake Kibaha, asije akawapa picha ya pili.)

Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya ndoa, lakini usitegemee hilo peke yake. Mwajiri atasema tatizo si ndoa, ni siri za biashara. Mbane kwenye sababu na utaratibu. Na kama hujafikisha miezi sita kazini, ulinzi wa kuachishwa isivyo haki haukuhusu.

Waliniachisha hata hivyo. Tarehe ya barua ya kuachishwa niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, kwa sababu una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukichelewa unaanza kwa kuomba kusamehewa kuchelewa, na sababu ya kwamba ulikuwa na msongo wa mawazo haitakufikisha mbali. Unajaza fomu CMA F.1, nakala unampelekea mwajiri, unarudi na uthibitisho kwamba ameipokea. Mlinzi wetu alikataa kusaini, nikamsubiri dada wa mapokezi, akasaini kwenye dispachi.

Kwanza ni usuluhishi. Wengi wanaudharau wakisubiri "kesi yenyewe". Nenda na mkataba, hati za mshahara, barua zote, na namba yako ya chini kabisa unayoweza kukubali, uwe umeipanga nyumbani. Sisi tulimalizana hapo hapo. Kiasi sisemi, tulisaini.

Usisahau cheti cha utumishi, ni haki yako. Changu cha kwanza kiliandikwa "ameacha kazi". Nilikirudisha siku ile ile, nikakaa mapokezi mpaka kikachapwa upya.