Jinsi ya kuisoma michoro ya makaburi ya enzi za Warumi

Ukikutana na picha ya kaburi la Kirumi usikimbilie kuuliza hii alama maana yake nini, anza na marehemu mwenyewe. Alikuwa nani, kafa na umri gani, nani kamzika. Chukua kaburi la Vestorius Priscus kule Pompeii, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia, maandishi yake yanasema alikuwa aedili, yaani ofisa wa mji, kafa na miaka 22 na aliyemjengea ni mama yake, Mulvia Prisca. Ukishajua hilo ndo urudi ukutani: meza imejaa vyombo vya fedha, magladieta, yaani wapiganaji wa maonyesho, wanapigana, na vyote hivyo ni hadhi ya kijana aliyekuwa ndo kwanza anaingia kwenye siasa. Mimi huo ukuta naona uchungu wa mama kuliko kitu kingine chochote.

Halafu angalia picha imekaa upande gani. Kwenye kaburi la Silistra, Bulgaria, la karne ya 4, mume na mke wamesimama pamoja na watumishi wanawajia kutoka kuta za pembeni, huyu kabeba suruali, yule mkanda, mwingine kioo. Ukiitazama picha moja moja hutaelewa kwamba kaburi zima ni msafara mmoja.

Tausi ndo anawachanganya wengi. Ni ndege wa mungu mke Juno, manyoya yake yanapukutika na kuota upya kila mwaka, na Augustine, askofu na mwandishi wa Kikristo wa kale, aliandika kabisa kwamba nyama yake haiozi, kwa hiyo Wakristo nao wakamchora, yupo mpaka kwenye katakombu (makaburi ya chini ya ardhi) ya Priscilla, Roma. Tausi peke yake hakwambii dini ya marehemu, tazama majirani zake: kuna mchungaji kabeba kondoo? kuna mtu kainua mikono anasali? Hizo ni picha ambazo Wakristo walipenda kuzichora.

Na zikichanganyika dini mbili usilazimishe moja ishinde. Kom el Shoqafa, makaburi ya chini ya ardhi kule Alexandria, Misri, kuna ukuta ambao juu ni dini ya Misri, Anubis, mungu wa kuhifadhi maiti, anauhudumia mwili wa Osiris, mungu aliyeuawa akafufuka, na chini yake ni ya Kigiriki, Hades, mungu wa kuzimu, anamteka mungu mke Persephone kwa gari la farasi, na wote wawili, Osiris na Persephone, kifo hakikuwamaliza. Familia ilizitaka zote. Ila rangi zimefifia vibaya sana, picha zilikuja kusomeka vizuri baada ya ukuta kupigwa picha kwa mwanga wa urujuanimno (ultraviolet), kwa hiyo tafuta kwanza hizo picha na michoro ya mistari ya wataalamu, ndo uende ukaangalie ukuta wenyewe.