Jinsi ya Kutengeneza Kerezo la Mguu kwa Zana za Mkono

Kerezo la mguu ni mashine ya kukerezea mbao isiyohitaji umeme wala mota. Kipande cha mbao hushikwa kati ya ncha mbili za chuma, kamba huzungushwa juu yake, upande mmoja wa kamba hufungwa kwenye kanyagio na upande wa pili kwenye ufito mrefu ulio juu. Ukikanyaga, kipande huzunguka kukuelekea na patasi hukata. Ukiachia, ufito huivuta kamba na kipande hurudi nyuma bila kukatwa. Kwa mashine ya namna hii, mafundi wa milima ya Chiltern nchini Uingereza walikereza miguu ya viti hadi ndani ya karne ya 20, huku umeme ukiwa umekwisha kuenea katika viwanda.

Wapo wanaopendelea kerezo lenye gurudumu zito, ambalo huzunguka upande mmoja tu na kukata muda wote. Leonardo da Vinci alichora moja la aina hiyo mwishoni mwa karne ya 15. Ni mashine nzuri, lakini inadai mhimili wa chuma uliopindwa, beringi na gurudumu lililosawazishwa, na mtu mwenye zana za mkono pekee atatumia muda mwingi kwenye gurudumu kuliko kwenye kerezo lenyewe. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: anza na ufito.

Andaa msumeno wa kupasulia na wa kukatia, patasi ya sentimita 2.5 na nyingine nyembamba, nyundo ya mti, randa, skwea, keekee yenye biti ndefu, tupa, shoka na kisu cha mikono miwili. Keekee ya mkono ni bora kuliko drili ya umeme kwa kazi hii, kwa sababu inakwenda polepole na unaweza kuirekebisha kabla tundu halijapotoka.

Hatua ya kwanza: meza na miguu

Meza ni mbao mbili nene zilizosimamishwa kwa ubavu, sambamba, zikiacha mwanya kati yake. Mimi hutumia mbao za sentimita 5 kwa 15, zenye urefu wa mita 1.5, na mwanya wa sentimita 5. Aina ya mti si muhimu sana. Uzito ndio muhimu, kwa kuwa kerezo jepesi hutembea sakafuni kila unapokanyaga. Piga randa pande za ndani za mbao zote mbili mpaka zinyooke kabisa, kisha weka vipande viwili vya mbao vyenye unene ule ule kwenye miisho ya mwanya ili upana wake usibadilike kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Miguu minne, miwili kila upande, itanuliwe kwa chini na kuunganishwa na meza kwa ndimi (miisho ya mti iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu) na matundu yanayokazwa kwa kabari, au kwa bolti. Usitumie misumari. Mashine hii hutikiswa mbele na nyuma mfululizo, na msumari hulegea mapema kuliko kiungo kingine chochote.

Kimo hupatikana kwa kupima mwili wako mwenyewe. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: hapo ndipo ncha za chuma zinapotakiwa kuwa. Ikiwa ncha zitakuwa sentimita 22 juu ya meza na kiwiko chako kiko sentimita 105, basi uso wa meza utakuwa sentimita 83 kutoka sakafuni. Ongeza unene wa ubao utakaosimamia, kama utasimama juu ya ubao wa kanyagio.

Hatua ya pili: nguzo mbili na ncha zake

Hapa ndipo karibu kila niliyemsaidia alipokwama, na ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe hata kidogo. Nguzo ni mbili: moja hukaa mahali pamoja upande wa kushoto, nyingine husogea kulingana na urefu wa kipande. Kila moja ni mti wa sentimita 10 kwa 10, wenye urefu wa sentimita 65. Sentimita 30 zibaki juu ya meza katika unene wake kamili, na sentimita 35 za chini zipunguzwe kwa msumeno pande mbili mpaka zibaki ulimi unaoingia kwenye mwanya wa meza. Ulimi huo upite kwa kusuguasugua kidogo, bila kuhitaji kugongwa na bila kuyumba. Ukiyumba, nguzo itapinda kila unapokaza kabari, na hakuna kipimo utakachochukua baada ya hapo kitakachosimama.

Mabega ya nguzo, yaani zile sehemu mbili zinazokaa juu ya meza, lazima yawe kwenye usawa mmoja. Yakague kwa skwea kutoka pande zote nne. Bega moja likiwa juu kuliko lingine hata kwa unene wa kadi, nguzo italala upande mara kabari itakapoingia.

Sasa tundu la kabari. Linatobolewa kwenye ulimi, likipita kutoka upande wa mbele ya kerezo kwenda nyuma, ili kabari iguse upande wa chini wa mbao zote mbili za meza. Ukingo wa juu wa tundu uanze kama sentimita 1.5 juu ya mstari wa chini wa meza, ndani ya mwanya. Ukiuweka sawa na mstari huo au chini yake, kabari itajaa kwenye tundu kabla ya kuivuta nguzo, na nguzo itabaki inacheza. Kabari yenyewe iwe na mteremko mdogo, kama sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu, kwa maana kabari yenye mteremko mkali hurudi nyuma yenyewe kwa mtikisiko.

Jambo linalosahaulika zaidi ni upande upi wa kabari uelekee juu. Upande ulionyooka uguse meza, na upande wa mteremko uelekee chini, ambako ukingo wa chini wa tundu nao umechongwa kwa mteremko ule ule. Ukiigeuza, upande wa mteremko utagusa ubao mmoja tu wa meza, nguzo itavutwa kwa upande huo, na utaanza kutafuta kosa kwenye ncha za chuma ilhali kosa liko chini ya meza. Nimeona watu wakitoboa nguzo upya, mara nyingine wakitengeneza nguzo nyingine kabisa, kwa sababu ya kabari iliyogeuzwa tu.

Matundu ya ncha yatobolewe mwisho, baada ya nguzo zote mbili kukazwa kwa kabari mahali pake. Anayetoboa nguzo zikiwa bado kwenye benchi anapima kitu ambacho hakijakaa. Sogeza nguzo mbili zigusane, zikaze, kisha chora mstari wa kimo kwenye kila moja kwa kipande kimoja cha mbao kilicholazwa juu ya meza, ili kosa lolote la kipimo liwe sawa pande zote. Mstari wa katikati uutoe kwenye mwanya wa meza. Itoboe kwanza nguzo isiyosogea, ukianzia uso mmoja mpaka katikati na kumalizia kutoka uso wa pili, huku mtu mwingine akikuangalia kutoka ubavuni na kukuambia kama keekee inainama. Halafu irudishe nguzo hiyo, zigusanishe tena, pitisha biti ndani ya tundu ulilokwisha kutoboa na uanze nalo tundu la nguzo ya pili. Kwa njia hiyo nguzo ya kwanza inakuwa kiongozi wa ya pili.

Ncha nazo ni vyuma vya milimita 12 au zaidi, vilivyochongwa kwa tupa mpaka vikawa na ncha ya nyuzi 60. Fungia chuma kwenye keekee, mwenzako akizungushe wewe ukipiga tupa, na ncha itakaa katikati bila kipimo. Ncha ya kushoto ikae imara kwenye nguzo. Ya kulia iwe bolti ndefu inayopita kwenye nati iliyozamishwa ndani ya nguzo, na mwisho wake uwe na mpini wa kuzungushia. Wapo wanaokwepa bolti na kuisukuma nguzo nzima kwa nyundo kila wanapotaka kukaza. Sikubaliani nao, maana kipande kibichi hulegea mara kwa mara wakati wa kazi, na kukikaza kunatakiwa kuwe jambo la kuzungusha mkono mara moja.

Je, ncha zisipokutana sawasawa, kazi yote imeharibika? Hapana, na ni vyema kulielewa hili ili mtu asikate tamaa. Kipande kinazunguka kwenye mstari unaounganisha ncha mbili popote zilipo, kwa hiyo kitakuwa mviringo hata kama ncha moja iko juu ya nyingine kwa milimita mbili. Kibaya zaidi ni mwelekeo. Bolti iliyoingia kwa mshazari husogeza ncha pembeni kila unapoikaza, na koni yake husugua tundu la kipande kwa upande mmoja mpaka tundu linapanuka, kipande kinaanza kupiga kelele na hatimaye kuruka. Kama una nguvu ya kurekebisha kitu kimoja tu, rekebisha unyofu wa bolti na uache milimita.

Hatua ya tatu: kiegemezo cha patasi

Ubao mgumu uliosimamishwa kwa ubavu, mbele ya kipande, ukingo wake ukiwa sawa na kimo cha ncha au chini yake kidogo. Uwe umbali wa kama sentimita 1 kutoka kwenye kipande, na uweze kusogezwa kipande kinapopungua.

Hatua ya nne: ufito, kamba na kanyagio

Tafuta ufito mbichi ulionyooka, usio na vifundo vikubwa, wenye urefu wa mita 3 hadi 4. Shina lifungwe chini kwa uthabiti, sehemu ya katikati ilale juu ya miti miwili iliyofungwa kwa kupishana, na ncha ifike juu ya kerezo. Kwa wanaofanya kazi ndani ya nyumba, kamba nene ya mpira iliyotandazwa kati ya nguzo mbili juu ya kerezo hutosha, ingawa mimi bado naupenda ufito kwa sababu unarudi taratibu na hauuchoshi mguu.

Nguvu ya ufito hupimwa kwa mguu. Ufito unatakiwa kuinua kanyagio tupu pamoja na mguu uliolegezwa, basi. Wengi huchagua ufito mnene wakidhani utakata vizuri zaidi, lakini ufito haukati; kinachokata ni mguu wako, na kila nguvu ya ziada iliyo juu ni mzigo unaousukuma bure. Ukiona ni mgumu, sogeza ile miti ya katikati kurudi kwenye shina, na ncha italegea.

Kanyagio ni fremu ya mbao yenye umbo la panda, urefu wa kama sentimita 90, iliyofungwa kwa vipande vya ngozi kwenye ubao unaousimamia. Ncha yake ifike chini ya mwanya wa meza. Kamba ya milimita 5 iliyosukwa, isiyovutika, ishuke kutoka kwenye ufito kwa upande wa mbele ya kipande, ipite chini yake, nyuma na juu, izunguke mara mbili, kisha ishuke tena upande wa mbele, ipite kwenye mwanya hadi kwenye kanyagio. Ukiizungusha kinyume chake, kipande kitakukimbia unapokanyaga na patasi haitashika kitu. Nailoni ya kawaida haifai, kwani hurefuka na kumeza nusu ya mkanyago. Ukingo wa ndani wa ubao wa mbele wa meza uuchonge uwe laini, kwa sababu kipande kinene hulazimisha kamba kuusugua.

Kamba ikivutwa sentimita 30, kipande chenye kipenyo cha sentimita 4 huzunguka takribani mara 2.4, na cha sentimita 10 hakifikishi hata mzunguko mmoja kamili. Ndiyo maana kerezo hili linafaa zaidi kwa miguu ya viti, mipini na miti ya kusukumia chapati kuliko vitu vinene.

Hatua ya tano: kukereza

Tumia mti mbichi uliopasuliwa kwa shoka kufuata nyuzi zake. Mti mkavu hukatika, lakini unakula muda na makali ya patasi. Punguza pembe kwa kisu cha mikono miwili mpaka kipande kikaribie mviringo, toboa vishimo vya milimita 3 kwenye vituo vya miisho, vitie grisi, kisha ukaze bolti mpaka kipande kisicheze lakini kizunguke kwa kidole.

Anza na patasi ya mviringo, malizia na patasi bapa yenye ukingo wa mshazari, zote zikiwa zimepita kwenye kinoo muda huo huo. Kata unapokanyaga, rudisha patasi nyuma kwa milimita moja au mbili unapoachia. Kazi ya mti mbichi itakuwa ya yai kidogo ikikauka, kwa kuwa mti husinyaa kufuata pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda. Kama ni ulimi wa kuingia kwenye tundu, uache mnene na uumalizie baada ya kukauka.

Baada ya wiki chache za matumizi, ndimi za nguzo nazo zitakuwa zimekauka na kupungua. Zijaribu kwa mkono bila kabari, na zikiyumba, gundisha kibao chembamba upande mmoja wa ulimi na ukipige randa mpaka upite tena kwa kusuguasugua, kisha uzigusanishe ncha upya kabla ya kuendelea na kazi.