Somo: Kukokotoa kilichomo ndani ya mvuke wa mchanganyiko kamilifu wa vimiminika

Wanafunzi wengi hukosa swali hili hata kabla hawajashika kalamu, kwa sababu wameshaamini kwamba mvuke ulio juu ya kimiminika una uwiano uleule wa kimiminika chenyewe. Sivyo. Dutu inayovukizika upesi hujaa zaidi juu kuliko chini. Kazi yetu leo ni kujua imejaa kwa kiasi gani.

Tuchukue benzini na toluini. Molekuli zake ni karibu ndugu: toluini ni benzini iliyobandikwa kikundi kimoja cha methili. Kwa hiyo molekuli ya benzini iliyozungukwa na toluini huvutwa karibu sawa na inavyovutwa na benzini wenzake. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio tunaouita kamilifu.

Tuseme chombo kilichofunikwa kina gramu 39 za benzini na gramu 138 za toluini kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Katika jotoridi hilo kanieneo ya mvuke (yaani msukumo wa mvuke ndani ya chombo) wa benzini tupu ni takriban mmHg 95 (milimita za zebaki, kipimo cha kanieneo), na ya toluini tupu ni takriban mmHg 28.

Hatua ya 1: geuza gramu ziwe moli, yaani kipimo cha idadi ya molekuli. Moli moja ya benzini ina gramu 78, ya toluini gramu 92. Basi 39 ÷ 78 = moli 0.5, na 138 ÷ 92 = moli 1.5.

Hatua ya 2: tafuta sehemu ya moli kwenye kimiminika (x). Jumla ni moli 2. Benzini ni 0.5 ÷ 2 = 0.25, toluini ni 0.75.

Hatua ya 3: tumia kanuni ya Raoult. Mkemia Mfaransa François-Marie Raoult aliigundua miaka ya 1880, nayo inasema hivi: kanieneo anayochangia kila mmoja ni sehemu yake ya moli kwenye kimiminika, mara kanieneo yake akiwa peke yake.

Benzini: 0.25 × 95 = mmHg 23.75
Toluini: 0.75 × 28 = mmHg 21.00

Tua hapa kidogo uzitazame namba hizo mbili. Toluini ni nyingi mara tatu chini, lakini juu imeshapitwa.

Hatua ya 4: jumlisha, kisha gawanya. Kwa kanuni ya Dalton, inayosema kanieneo yote ni jumla ya michango ya kila mmoja, tunapata 23.75 + 21.00 = mmHg 44.75. Sehemu ya moli kwenye mvuke (y) ni mchango wa kila mmoja ugawanywe kwa jumla hiyo:

y ya benzini = 23.75 ÷ 44.75 = 0.53
y ya toluini = 21.00 ÷ 44.75 = 0.47

Benzini ni robo tu ya kimiminika, lakini ni zaidi ya nusu ya mvuke. Kila ukimaliza swali la aina hii jiulize: je, anayevukizika upesi ameongezeka kwenye mvuke? Kama hajaongezeka, rudi nyuma, kuna mahali umeteleza. Mara nyingi utakuta umegawanya kwa 95 badala ya kugawanya kwa 44.75.

Sasa uchukue mvuke huo, uupoze uwe kimiminika, kisha urudie hesabu ukianza na x = 0.53. Utapata y karibu 0.79. Rudia tena, utapata kama 0.93. Hapo umefanya kwa kalamu kile ambacho mnara wa kukenekea (wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kupoza mvuke) hufanya kwa joto, ngazi kwa ngazi. Kwangu mimi hapa ndipo somo hili linapopendeza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nilitumia gramu moja kwa moja nikapata benzini 0.49. Tofauti ni ndogo, si inakubalika?*

Haikubaliki, ndugu yangu. Ulichukua 39 ÷ 177 ukapata 0.22, lakini kanuni hii inahesabu molekuli, haipimi uzito. Molekuli ya toluini ni nzito kuliko ya benzini, kwa hiyo gramu zinaipa toluini nafasi isiyo yake. Na tazama jibu lako: limekwambia toluini ndiyo nyingi kwenye mvuke, wakati ukweli ni kinyume.

*Nikiongeza kimiminika mara kumi, kanieneo inapanda?*

Hapana, maadamu uwiano na jotoridi havijabadilika. Jotoridi likibadilika, hizo 95 na 28 hazifai tena. Lazima utafute namba mpya.

*Je, tukipewa mvuke na kuulizwa kimiminika?*

Swali zuri, maana mitihani hulipenda. Usijaribu kukisia. Gawanya kila y kwa kanieneo ya dutu yake ikiwa tupu, jumlisha, kisha geuza jumla hiyo juu chini: hiyo ndiyo kanieneo yote. Mfano, mvuke wa nusu kwa nusu: 0.5 ÷ 95 + 0.5 ÷ 28 = 0.02312, na 1 ÷ 0.02312 = mmHg 43.25. Kisha x ya benzini = 0.5 × 43.25 ÷ 95 = 0.23.

*Naweza kuitumia kwa ethanoli na maji?*

Usiitumie. Molekuli za maji zimeshikana kwa nguvu, na ethanoli ikiingia kati huvuruga mshikamano huo. Zote mbili hutoroka kwenda kwenye mvuke kwa wepesi kuliko kanuni inavyotabiri. Ethanoli ikifika karibu asilimia 95.6 kwa uzito, katika kanieneo ya kawaida ya hewa, mchanganyiko huchemka kwenye nyuzi 78.2 na mvuke wake huwa sawasawa na kimiminika. Hapo hata ukikeneka mara mia, kwa kanieneo hiyo maji yaliyobaki hayatoki.